Uuguzi jumuishi kwa mgonjwa wa saratani: nadharia inaingiaje wodini?

#1 Sista_Kivukoni

Wakuu wa jukwaa la afya, hodi.

Nadharia za uuguzi tunazifundisha, wanafunzi wanazikariri, mtihani ukipita zinabaki kwenye daftari. Waasisi wake tunawataja: Watson na vipengele vyake kumi vya kujali (1979), Orem na kujihudumia, Neuman, Levine, Kolcaba. Halafu unafungua faili la mgonjwa wa saratani unakuta presha, mapigo, joto, na sentensi moja: "Mgonjwa anaendelea vizuri." Hiyo sentensi inanikera kuliko faili tupu.

Hoja yangu ni hii: uuguzi jumuishi si kazi ya ziada inayofanywa muda ukibaki. Ni namna ya kupima. Mwili, akili, familia, nauli na imani vyote vinaulizwa, vinaandikwa, na kila tatizo linapewa kitendo, mtu wa kukitenda na saa yake. Tatizo lisilo na kitendo kwenye mpango wa huduma ni sawa na tatizo ambalo halikuulizwa.

Tuchukue mgonjwa tunayemfahamu wote: mama wa miaka arobaini na kitu, saratani ya mlango wa kizazi hatua ya IIIB (uvimbe umefika ukuta wa nyonga au unabana figo), ametoka mkoani, amekuja Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kwa mionzi. Ana maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni, anatokwa uchafu wenye harufu, figo moja imeanza kubanwa. Watoto wamebaki kwa bibi yao. Mume hapokei simu.

Nadharia ninayoiona rahisi kuliko zote kuingiza kazini ni ya Katharine Kolcaba, ya faraja. Ina jedwali la vyumba 12. Upande mmoja ni aina tatu za faraja: nafuu (tatizo limeondolewa), utulivu, na kuinuka juu ya hali (tatizo lipo lakini mgonjwa anaweza kulibeba). Upande wa pili ni mazingira manne: mwili, nafsi na roho, mahali alipo, na jamii yake. Chora jedwali hilo nyuma ya karatasi ya mpango wa huduma. Vyumba vitakavyobaki wazi vinakuonyesha usichokiuliza.

Na Cicely Saunders, aliyeanza kama muuguzi, akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kisha daktari, na mwaka 1967 akafungua St Christopher's Hospice huko London, alishaeleza kwamba maumivu ya mgonjwa wa saratani yana pande nne: mwili, nafsi, jamii, roho. Ukitibu upande mmoja tu, dozi inapanda na mgonjwa bado analia.

Mfano wa jinsi upande wa jamii unavyoingia moja kwa moja kwenye uvimbe. Mionzi ya nje kwa mama huyu kwa kawaida ni vipindi 25, siku tano kwa wiki, jumla Gy 45 hadi 50 (Gy ni kipimo cha dozi ya mionzi), halafu inafuata mionzi ya ndani, ambapo chanzo cha mionzi kinawekwa karibu kabisa na uvimbe. Matibabu yote yanatakiwa kuisha ndani ya wiki 8. Yakivuka hapo, seli zilizosalia zimeshaongeza kasi ya kuzaliana na uwezekano wa kuudhibiti uvimbe unashuka. Sasa mgonjwa asipokuja siku nne kwa sababu nauli ya kutoka alikofikia imeisha, hilo si "suala la ustawi wa jamii" la kuachiwa ofisi nyingine. Ni mionzi iliyopungua nguvu. Swali la "unalala wapi na nani anakulipia nauli" linaulizwa siku ya kwanza, kabla ya kipindi cha kwanza, na jibu linaandikwa.

Karibuni tuongeze. Naomba tuongee vitendo.

#2 Kaka_Dripu

Sista, nakubaliana na wewe, ila tuseme ukweli: zamu ya usiku muuguzi ni mmoja na wodi imejaa. Jedwali la vyumba 12 kwa kila mgonjwa halitajazwa. Litajazwa la mtihani tu.

#3 Sista_Kivukoni

Kaka, ndiyo maana halijazwi kila zamu. Jedwali ni la siku ya kulazwa na linarudiwa kila wiki, au hali ikibadilika. Kila siku tumia maswali mafupi. Kuna kipimo cha APCA (Chama cha Tiba Shufaa Afrika) kilichotengenezwa kwa ajili ya Afrika, maswali 10: saba ya mgonjwa, matatu ya ndugu anayemtunza. Kinauliza kuhusu siku 3 zilizopita: maumivu, dalili nyingine, wasiwasi, kama ameweza kumwambia mtu hisia zake, kama anaona maisha yana thamani, kama ana amani, kama amepata msaada wa kupanga mambo ya mbele. Majibu ni 0 hadi 5. Asiyesoma anaonyesha kwa vidole vya mkono.

Tahadhari ambayo wengi wanaikosea: si maswali yote yanaelekea upande mmoja. Kwenye maumivu, 5 ni mbaya kabisa. Kwenye amani, 5 ni nzuri kabisa. Ukijumlisha tu namba bila kugeuza, unapata jumla isiyo na maana, na mgonjwa mwenye hali mbaya anaonekana wa kawaida. Bora usijumlishe. Angalia swali moja moja, anza na lililo baya kuliko yote.

#4 Dip2_Mtwara

Shikamooni. Mimi mwanafunzi. Naomba kuuliza, kati ya pande hizo nne unaanza na upi? Kitabu kinasema zote ni sawa.

#5 Mfamasia_Kkoo

Marahaba mdogo wangu. Unaanza na maumivu ya mwili. Mtu mwenye maumivu ya 5 hawezi kukujibu kuhusu amani, na ukimuuliza anaona unamchezea.

Naandika kirefu kidogo kuhusu mofini ya maji, dawa kali ya maumivu ya kunywa, maana hapa ndipo huduma nyingi zinapovunjika.

Kuanza: mgonjwa ambaye hajawahi kutumia, miligramu 5 kila saa 4. Mzee au aliyedhoofu sana, 2.5. Inatolewa kwa saa, si kwa kusubiri aanze kulia. Ratiba ya kawaida: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku anapewa dozi mara mbili ili alale mpaka asubuhi bila kuamshwa. Andikeni kadi kwa saa za Kiswahili. Ukiandika "6, 10, 2, 6, 10" ndugu atampa saa 6 mchana na saa 2 usiku, halafu utashangaa maumivu yamerudi.

Maumivu yakichomoza katikati, anapewa dozi moja ya ziada sawa na ile ya saa 4, na dozi inayofuata hairukwi. Kila ya ziada inaandikwa. Baada ya saa 24 unapiga hesabu: 5 mara nne ni 20, ya usiku 10, jumla 30. Alichukua za ziada tatu, 15. Jumla 45. Gawanya kwa 6, dozi mpya ni 7.5. Usipandishe kwa kukisia.

Chupa: ya miligramu 5 katika mililita 5 na ya miligramu 50 katika mililita 5 ni dawa ileile kwa nguvu tofauti mara kumi. Rangi inasaidia, ila rangi zinatofautiana kati ya nchi na nchi. Soma lebo, na kwenye bomba la sindano la kupimia zungusha plasta palepale dozi inapofika, ili hata bibi asiyeona vizuri avute mpaka kwenye plasta.

Choo kigumu hakisubiriwi kitokee. Siku unayoandika mofini unaandika na bisakodili, dawa ya kulainisha choo, miligramu 5 usiku, unaweza kupanda hadi 10 au 15. Anayeharisha kwa ajili ya mionzi haanzishiwi bisakodili. Wagonjwa wengi wanaoacha mofini hawaiachi kwa kuogopa uraibu, wanaiacha kwa sababu hawajapata choo siku sita na hakuna aliyewauliza. Kichefuchefu siku za mwanzo ni metoklopramidi 10 mara tatu kwa siku, na kwa kawaida kinaisha ndani ya wiki. Usingizi wa siku mbili tatu za mwanzo ni wa kawaida, kwa wengi ni deni la usingizi waliokosa.

Maumivu ya kuchoma na kupiga shoti yanayoshuka mguuni, kama ya mama wa Sista, ni ya mshipa wa fahamu. Mofini peke yake haitoshi. Amitriptilini 12.5 hadi 25 usiku.

#6 Kaka_Dripu

Mfamasia umemaliza, ila usisahau figo za huyo mama. Uvimbe wa mlango wa kizazi unabana mirija ya mkojo, figo zinashindwa, mabaki ya mofini yanajikusanya. Dalili: anashtuka misuli akiwa macho, anaanza kuongea vitu visivyoeleweka, usingizi unazidi badala ya kupungua. Ndugu watasema amerogwa au ndiyo anakufa. Kumbe ni dozi. Punguza, na toa kila saa 6 au 8 badala ya 4. Pumzi zikishuka chini ya 8 kwa dakika, mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano na haamki ukimwita, hiyo ni dharura: mwite daktari, naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya mofini, iandaliwe.

Na akiwa anatumia ARV zenye tenofovia huku anapewa sisplatini (dawa ya kemo) kila wiki, zote mbili zinagusa figo. Kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, inaangaliwa kabla ya kila dozi. Muuguzi ndiye anayeona majibu yakirudi kwanza, asiyapachike tu kwenye faili.

#7 Mama_Tiba_Shufaa

Nashukuru kwa uzi huu. Nataka kuongelea harufu, kwa sababu ndiyo inayomtenga mgonjwa na watu kabla hata ya maumivu. Anahamia chumba cha uani, anaacha kanisa, anajifunika kanga tatu. Ukimaliza harufu, pande tatu nyingine zinaanza kupona zenyewe kidogo.

Harufu inatoka kwa bakteria wasiohitaji hewa wanaokaa kwenye nyama iliyokufa. Kwa hiyo manukato na udi havimalizi, vinachanganya tu harufu mbili. Dawa ni metronidazo. Kwa kidonda kilicho wazi cha titi: saga vidonge viwe unga laini, nyunyiza juu ya kidonda kila unapobadilisha gozi. Kwa uchafu wa ukeni: kidonge kinawekwa ndani mara moja au mbili kwa siku, kwa utaratibu wa kliniki. Ikizidi, vya kumeza miligramu 400 mara tatu kwa siku kwa siku 5 hadi 7, na aelezwe asiguse pombe.

Kuosha: maji yaliyochemshwa yakapoa, lita moja, na kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi. Hapo umekaribia dripu ya chumvi. Usisugue. Gozi iliyoganda usiivute, iloweshe dakika kadhaa mpaka iachie yenyewe, kwa sababu damu inayotoka ukiivuta ndiyo inayomfanya mgonjwa aogope kuoshwa kesho. Mpe mofini nusu saa kabla ya kuosha. Spiriti, haidrojeni peroksaidi na maji ya jiki yasiguse kidonda.

Kama gozi ni ghali, kanga kuukuu ya pamba: fua, chemsha, anika juani, piga pasi, kata vipande, hifadhi kwenye mfuko safi. Ndoo ya mkaa mkavu chini ya kitanda inanyonya harufu ya chumba, badilisha mkaa kila siku chache.

Kukiwa na fistula (tundu kati ya kibofu na uke) na mkojo unatiririka, ngozi inaungua. Vaselini au krimu ya zinki inazuia. Lakini mgonjwa anayeendelea na mionzi asipake tabaka nene kabla ya kupanda kwenye mashine, linaongeza dozi kwenye ngozi. Apake akirudi. Na mistari ya alama mwilini isisuguliwe na dodoki.

Damu ikitoka nyingi: ndugu wawe na kitambaa cheusi au chekundu tayari, kwa sababu damu kwenye shuka jeupe inamtisha mgonjwa na ndugu pia. Kwenye kidonda cha nje, gandamiza kwa mkono dakika 10 bila kuchungulia. Ukeni inawekwa gozi na mtu aliyefundishwa, aletwe wodini.

#8 Dip2_Mtwara

Ahsante mama. Na suala la imani mnaulizaje bila kuonekana unahubiri?

#9 Nesi_Mvita

Salaam kutoka Mombasa. Maswali manne yatosha: imani yako ni ipi na yakupa nguvu gani? Ina uzito gani kwenye maamuzi yako ya matibabu? Kuna jamaa wa msikitini au kanisani wanaokutembelea? Ungependa sisi tufanye nini kuhusu hilo? La nne ndilo watu huliruka, na ndilo lenye kazi.

Huku kwetu Pwani kuna mambo mawili ambayo muuguzi asipoyajua humuumiza mgonjwa Mwislamu.

La kwanza ni damu. Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi hutokwa damu mfululizo, na wengi huacha kusali miezi mitatu, minne, wakidhani ni hedhi. Damu ya ugonjwa hukumu yake ni istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi. Huyo husali: ajisafishe, ajifunge vizuri, atie udhu wakati wa swala ukishaingia, kila faradhi na udhu wake, asali hata kama damu yatoka. Vivyo hivyo anayevuja mkojo. Asiyeweza kugusa maji hutayamamu, asiyeweza kusimama husali kwa kukaa au kulala. Asiyekuwa amekoma hedhi bado ana siku zake za kuhesabu, kwa hiyo si kazi ya muuguzi kutoa fatwa. Kazi yetu ni kumuuliza "swala waipataje?" kisha kumtafutia ustadha wa kumweleza faragha. Mtu aliyejiona najisi miezi yote hiyo, akiambiwa anaweza kusali, hata lile swali la amani kwenye kipimo hubadilika, na hakuna kidonge kilichotumika.

La pili ni Ramadhani. Mofini ya maji hudumu saa 4, funga ni zaidi ya saa 13. Hazikutani. Ruhusa ya mgonjwa kula imo ndani ya Qurani, na asiyetarajiwa kupona hutoa fidia ya kulisha maskini kwa kila siku. Mwambie imamu aje amweleze, kwa sababu ukimwambia wewe huona ni hospitali tu yasema. Akishikilia kufunga, na kliniki ina vidonge vya mofini vya saa 12, jumla ya siku hugawanywa mara mbili, futari na daku. Lakini hesabu: kutoka futari hadi daku ni kama saa 10, kutoka daku hadi futari ni kama 14. Kwa hiyo dawa huisha nguvu alasiri, saa moja au mbili kabla ya adhana. Mwambie mapema kwamba maumivu yatakuja saa hizo, na kwamba akifungua kabla ya adhana kwa ajili ya maumivu hayo hana dhambi. Vidonge hivyo havisagwi wala kutafunwa, dawa yote humwagika mwilini kwa mara moja.

#10 Mama_Tiba_Shufaa

Nesi umenifurahisha. Upande wa Wakatoliki, mpako wa wagonjwa: familia zinaogopa kumwita padri kwa sababu wanaona ni tangazo la kifo. Mpako ni wa mgonjwa yeyote mwenye hali nzito na unaweza kurudiwa. Ukiombwa mapema, kabla ya matibabu makubwa, unapokelewa tofauti kabisa na ukiombwa saa ya mwisho.

#11 Kaka_Dripu

Na wale wanaoambiwa waache dawa kwa sababu wameshaombewa? Au wanaokunywa mizizi huku wako kwenye kemo?

#12 Sista_Kivukoni

Ukimgombeza, anaendelea kunywa ila hakwambii. Muulize hivi: "Watu wengi wanatumia na dawa za asili, wewe unatumia zipi?" Andika jina, kiasi, tangu lini, na kama inachemshwa au inalowekwa. Angalia vipimo vya ini na figo. Kama vimepanda, muonyeshe namba zake, mwombe asimamishe siku za kuzunguka kemo. Maombi hayana mgongano na dripu, kwa hiyo usiyapinge, omba tu mchungaji naye amhimize kumaliza vipindi. Na kila anayepata kemo aondoke na kadi yenye mstari mmoja: joto likifika 38, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14, ni kurudi hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana, bila kumeza parasetamoli kwanza na kusubiri. Chembe nyeupe za damu zikiwa chini, antibayotiki inatakiwa iingie ndani ya saa moja tangu afike.

Kuna chumba kimoja cha jedwali ambacho nakuta kiko wazi karibu kila mara: ndoa. Baada ya mionzi, uke unasinyaa na kushikana, tendo linauma, mume anadhani anakataliwa au ataambukizwa saratani. Yasemwe kabla ya kuanza matibabu, pamoja na kwamba hedhi itakoma na hatazaa tena. Wiki 2 hadi 4 baada ya kumaliza, michubuko ikiwa imepona, anaanza kutumia kifaa cha kutanua uke, mara 2 au 3 kwa wiki, dakika 5 hadi 10, na kilainishi cha maji. Asiyekuwa na kifaa anatumia vidole vyake safi. Damu kidogo ni kawaida, nyingi arudi. Na mume aambiwe kwa kauli nyoofu: saratani haiambukizwi kwa tendo, na mionzi ya nje haimfanyi mke wake awe na mionzi.

#13 Dip2_Mtwara

Sista, naomba mfano wa jinsi inavyoandikwa kwenye faili. Tukifundishwa tunaona mfano wa malaria tu.

#14 Sista_Kivukoni

Huu hapa, wa mama huyohuyo, siku ya kwanza. Mistari mifupi, kila mmoja una mtu na saa.

Maumivu 4/5, kiuno na mguu wa kulia, yanachoma. Mofini ya maji mg 5 kila saa 4, amitriptilini mg 12.5 usiku, bisakodili mg 5 usiku, kwa maagizo ya daktari. Kupima upya saa 4 usiku na kesho saa 4 asubuhi. Muuguzi wa zamu.

Harufu: mgonjwa anasema hali chakula pamoja na wenzake. Metronidazo ukeni, kuosha asubuhi na jioni, kitanda karibu na dirisha. Dada yake afundishwe kuosha, aoshe mbele ya muuguzi kabla ya Ijumaa.

Nauli ipo ya wiki mbili, vipindi ni vya wiki tano. Ustawi wa jamii leo kabla ya saa 8 mchana. Jibu liandikwe hapa.

Amani 1/5: "Nimeacha watoto wadogo." Apige simu kwa mama yake kila jioni baada ya dozi ya saa 12. Ameomba mchungaji, simu imepigwa.

Anajua nini kuhusu ugonjwa: anasema "uvimbe". Ndugu wameomba asiambiwe. Hajaulizwa mwenyewe anataka kujua kiasi gani. Daktari na muuguzi wamuulize kesho, faraghani, maumivu yakiwa chini ya 2.

#15 Mfamasia_Kkoo

Kwenye mstari wa kwanza ongeza kreatinini na tarehe yake, Sista. Figo moja umesema imeanza kubanwa. Na andika nguvu ya chupa: mg 5 kwa ml 5. "Mofini ml 5" peke yake ikisomwa na wa zamu inayofuata akiwa ameshika chupa ile nyingine, ni mg 50.

#16 Sista_Kivukoni

Sahihi kabisa, naongeza yote mawili. Dip2, nakili na hilo.